Linux ni bure, lakini memori utailipia

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye kompyuta za zamani wanaulizia Linux. Programu zake za madirisha (desktop), yaani GNOME, KDE Plasma na XFCE, zote ni za bure, kwa hiyo shilingi haikusaidii kuchagua. Kinachozitofautisha ni ulaji wa memori, na mwenye GB 4 lazima ahesabu.

GNOME inapendeza, ndiyo inayokuja na Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux. Lakini Ubuntu 22.04 ilishauri kuanzia GB 4, yaani wewe uko kizingitini. Debian, toleo jingine, hata ikiwa na madirisha inaridhika na GB 2. Iwekee XFCE na kompyuta yako itakuwa na nafasi ya kazi. Sura yake ni ya kizamani kidogo. Mimi ningeichukua hiyohiyo.

Gharama inayowashtua watu iko kwenye kipindi cha pili, yaani mtumiaji wa pili kuingia wa kwanza akiwa bado ndani. Wawili wakitumia kompyuta moja, ni rahisi kubadilisha mtumiaji bila yule wa kwanza kutoka. Raha, ila ghali: kipindi cha kwanza hakijafa, na kivinjari chake kilichojaa kurasa bado kimekalia memori. Wa pili naye anafungua madirisha yake yote upya. Memori ikijaa, mfumo unaanza kuhamishia mzigo kwenye diski, na kama diski ni ile ya kuzunguka, hata kipanya kinasitasita. Kwenye GB 8 wawili wataishi. Kwenye GB 4, wa kwanza ahifadhi kazi yake atoke.

Na mara nyingi kipindi cha pili hakihitajiki kabisa. Unataka tu kuua programu iliyoganda au kusasisha mfumo? Bonyeza Ctrl+Alt+F3 (laptopu nyingine hudai na Fn). Itakuja skrini nyeusi ya maandishi; ingia kwa jina na nywila, andika pkill na jina la programu. Skrini hizi kwa kawaida huandaliwa sita, na kila moja hula megabaiti chache tu kwa kuwa haina picha ya kuchora. Kurudi kwenye madirisha, XFCE ya Debian mara nyingi iko Ctrl+Alt+F7, GNOME Ctrl+Alt+F2. Ukikosea, jaribu kitufe kingine, hakiharibiki kitu. Ukizoea, ongeza tmux: inagawa skrini moja vipande kadhaa.

Unafuu huu una tundu. Kufunga skrini ya madirisha kwa nywila hakufungi ile ya maandishi uliyoiacha wazi. Apitaye atabonyeza Ctrl+Alt+F3 na kukuta kila kitu chako. Andika exit kabla hujaondoka, au sakinisha vlock uifunge skrini hiyo kwa nywila. Wanaowasha madirisha kwa mkono waandike exec startx badala ya startx tupu, ili madirisha yakianguka, aliye mbele ya kibodi aombwe nywila.