Shina Lililopinda Halitupwi: Namna ya Kuegemeza na Kuganga Mimea ya Nyumbani

Kila mvua za masika zinapoandamana na upepo mkali, bustani nyingi za nyumbani huamka asubuhi zikiwa na majeruhi. Mnyanya umelala chini pamoja na matunda yake mabichi, tawi la mchungwa limechanika kwenye panda, na mgomba uliongojewa miezi mingi umeinama hadi mkungu wakaribia kugusa udongo. Mara nyingi mwenye bustani hushika panga, akakata na kutupa. Kwa familia iliyokwisha kuuhesabu mkungu huo kuwa ni madaftari ya watoto, hasara hiyo si ndogo, na mara nyingine ingeweza kuepukwa. Leo tunaeleza shina lipi hugangika, lipi haligangiki, na namna ya kujikinga mapema.

Kazi ya shina

Ndani ya shina mna njia za aina mbili: zinazopandisha maji kutoka mizizini, na zinazosambaza chakula kinachotengenezwa na majani. Katika miti kama mchungwa, njia za chakula zimo katika gome na njia za maji zimo katika mti wa ndani. Baina ya viwili hivyo mna utando mwembamba wenye unyevu, nao ndio unaozaa sehemu mpya na kuunga jeraha. Shina likipinda, lakini sehemu yake ikawa bado imeshikana na majani ya juu yangali mabichi, yapo matumaini. Likikatika kabisa, au jeraha likikauka juani, matumaini hayo hupungua sana.

Mnyanya: mgonjwa mwepesi wa kupona

Mnyanya uliovunjika nusu ugangwe mara tu unapoonekana. Inua shina taratibu mpaka kingo za jeraha zikutane kama zilivyokuwa. Weka vijiti viwili vyembamba ubavuni mwake, mfano wa banzi la mfupa, kisha zungushia utepe wa kitambaa safi, uwe wa kushika pasipo kubana. Punguza baadhi ya matunda na majani yaliyo juu ya jeraha ili kupunguza uzito na kiu. Utie mmea kivuli kwa siku chache, na udongo usikauke. Baada ya wiki mbili au tatu, mahali palipoungana huwa pamefanya uvimbe mgumu. Hapo banzi laweza kufunguliwa, lakini mti wa kuegemea ubaki.

Ikiwa kichwa kimekatika kabisa, kisitupwe. Shina la mnyanya lina tabia ya kutoa mizizi ubavuni. Ondoa majani ya chini na matunda, zika sehemu ya shina katika udongo wenye unyevu penye kivuli, na kwa kawaida mizizi huanza kutoka ndani ya wiki moja au mbili. Kisiki kilichobaki nacho chaweza kuchipua kwenye vikwapa vya majani. Chagua chipukizi moja lenye nguvu ulilee liwe shina jipya.

Hata hivyo, kinga ni bora. Samaki mkunje angali mbichi: mti wa kuegemea usimikwe siku ile ile ya kupanda mche, kwani ukisimikwa baadaye hukata mizizi. Kwa nyanya zinazorefuka, mti wa kimo cha mtu hutosha. Kamba ipite baina ya shina na mti kwa umbo la namba nane, ili viwili hivyo visisuguane. Vipande vya kanga chakavu au maganda makavu ya mgomba hufaa sana. Waya na uzi wa nailoni hukata shina linaponenepa.

Wala mmea usifungwe ukakosa hata kutikisika. Mwaka 1973 mtaalamu wa Marekani, Mark Jaffe, aliupa jina la kitaalamu mwenendo wa mimea inayoguswaguswa na kutikiswa, ambayo aghalabu hukua mifupi na yenye mashina imara zaidi. Upepo mdogo, basi, ni mwalimu wa shina.

Mgomba: kuukinga ndiyo dawa

Mgomba ni kinyume cha mnyanya. Kile tunachokiita shina ni makuti ya majani yaliyokumbatiana, na shina la kweli hupanda katikati yake likibeba mkungu mara moja tu. Likivunjika, halitatoa mkungu wa pili; hakuna banzi litakalolirudisha. Ikiwa ndizi zimekwisha kujaa kiasi, zikatwe zipikwe mbichi. Mgomba wenyewe ukatwe, na nguvu zielekezwe kwa chipukizi linalofuata. Ndiyo maana wakulima wazoefu huacha mama, mtoto na mjukuu katika kila shina, ili anguko la mmoja lisiwe mwisho wa chakula.

Kinga yake ni kuuegemeza mgomba mara mkungu unapotoka, kwa kuwa kutoka hapo hadi kukomaa hupita takriban miezi mitatu au minne, na uzito huongezeka kila siku. Tumia mti wenye panda, au miti miwili iliyofungwa kama mkasi, ishike chini ya shingo ya mgomba upande ulikoelemea, bila kukwaruza ndizi.

Mgomba uliong'oka na tunguu lake hutoa onyo jingine. Chunguza mizizi: ikiwa imeoza, au tunguu limetobolewa na fukusi, basi upepo ulimalizia tu kazi ya mdudu. Miche ya kupanda tena itoke mahali pasipo na ugonjwa huo.

Miti ya matunda

Tawi changa lililochanika kwenye panda laweza kuungwa likiwa bichi. Punguza matunda na majani, liinue, ubane jeraha, kisha ulifunge kwa kipande cha mpira wa baiskeli na kuliwekea nguzo. Mpira ulegezwe kila tawi linaponenepa. Tawi lililokwisha kukatika lisawazishwe kwa msumeno mkali, na uvimbe ulio kwenye shina mwake usikatwe, kwani hapo ndipo mti unapozibia jeraha.

Wengi hupaka lami au rangi. Alex Shigo, mtaalamu wa Idara ya Misitu ya Marekani aliyefariki mwaka 2006, alipasua miti mingi akaonyesha kuwa mti hauponi kama mwili wa mtu: huijengea kuta sehemu iliyoharibika na kuota mpya pembeni. Rangi haizuii uozo.

Mbuzi wakitafuna gome kuzunguka shina lote, mizizi hunyimwa chakula na mti hufa polepole. Hapo ndipo hufaa pandikizi la daraja: vijiti vibichi vya mti wa jamii hiyo hiyo, ncha zake zimechongwa, huchomekwa chini ya gome juu na chini ya jeraha, upande wa juu ukibaki juu, kisha hufungwa kwa plastiki. Ni kazi ya fundi wa kupandikiza miche, nayo haingoji.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Kabla ya mvua zijazo, tuzungukie bustani zetu pamoja na watoto, tukiwa na fito, vitambaa na kisu safi.