Istilahi ya Elimu ya Watu Wafanyao Kazi: Kutoka Posta hadi Mtandao

Makala haya mafupi yanakusudia kuchunguza majina ambayo Kiswahili kimeyatumia kuitaja elimu ya mtu mzima asomaye huku akiendelea na kazi yake. Jambo hili si la msamiati tu. Jina humwelekeza mtendaji. Na mhadhiri aambiwaye afunze "mtandaoni" huenda akadhani kwamba wajibu wake umekwisha pindi apelekapo huko maandishi yake ya darasani.

Elimu hii imeitangulia tarakilishi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970 kilianza, katika kituo chake cha Kikuyu, kuwafunza kwa posta walimu wa shule za msingi waliotaka kupanda daraja, na vipindi vya redio vikiandamana na masomo yaliyochapwa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1992. Kile cha Kenya, kifunzacho kwa mtandao, kilipata hati mwaka 2023. Mwanafunzi ni yule yule: ana mwajiri, ana jamaa wa kulisha, na kitabu hukifungua usiku. Kilichobadilika ni chombo.

Hata hivyo, majina yetu mengi yamekifuata chombo au mazingira yake. "Elimu kwa posta" ilitaja barua. "Elimu ya masafa" hutaja umbali, ilhali mfanyakazi aweza kukaa mtaa mmoja na chuo asipate wasaa wa kuingia darasani. "Elimu ya mtandaoni" ina kiambishi -ni cha mahali, kana kwamba elimu hukaa humo. "Elimu ya watu wazima" imekwisha fungamana na kisomo: nchini Tanzania tangu mwaka 1970, uliotangazwa kuwa mwaka wa elimu hiyo, na huku kwetu kwa jina la ngumbaru. "Elimu endelevu" nayo humkumbusha msomaji wa leo maendeleo endelevu na utunzaji wa mazingira.

Tunapendekeza "elimu ya kujiendeleza". Kitenzi kuendeleza ni cha kauli ya kutendesha. Kiambishi -ji- humfanya mtenda kuwa ndiye mtendwa. Chombo na kitajwe baadaye kwa kihusishi "kwa": kwa posta, kwa redio, kwa mtandao. Huenda ikasemwa kwamba kila mwanafunzi hujiendeleza. Ni kweli, lakini katika matumizi ya kawaida, mtu asemapo "ninajiendeleza" hueleweka kuwa tayari ana kazi au cheti, naye anaongeza.

Jina hili lina madai yake. Darasani, mhadhiri afunzaye mnyambuliko wa vitenzi huona nyuso zilizokunjamana, akarudia, akatoa mfano mwingine. Ajiendelezaye peke yake usiku hana wa kumwuliza papo hapo. Kwa hiyo, somo lake halina budi kuanza na mifano kabla ya istilahi, kumwuliza maswali njiani, na kumpa majibu pamoja na sababu zake. Kazi hiyo ni ya mwandishi wa somo, wala mtambo hautaifanya kwa niaba yake. Idara za lugha, ambazo ujuzi wake ni maneno, zingefaa kuwa za kwanza kuionyesha njia.