Kofia, midoli ya kufuma: Usalama wa mtoto kwanza

UPEPO na baridi ya Singida, mji ulio mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, huifanya kofia ya kufuma kuwa vazi la lazima kwa watoto wachanga, hasa kati ya Juni na Agosti.

Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa kikilinganishwa na mwili wake, hivyo hupoteza joto jingi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), joto la mwili wake linapaswa kuwa kati ya nyuzijoto 36.5 na 37.5. Likishuka, hatari ya kifo huongezeka, hususan kwa aliyezaliwa na uzito usiofikia kilo 2.5. Ndiyo sababu kofia hutumika katika huduma ya kangaruu, iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, ambapo mtoto hubebwa kifuani ngozi kwa ngozi.

Mfumaji huanza na kipimo. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa wakati huwa na mzingo wa sentimita zipatazo 35. Kofia hufumwa pungufu kidogo kwa kuwa huvutika. Uzi uwe laini, na kamba za kufungia ziepukwe kwani zaweza kumkaba.

Kwa midoli, macho ya vifungo yaking'oka huweza kumpalia mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Ni salama zaidi kuyatarizi kwa uzi.

Aidha, nyumbani mtoto mwenye afya avuliwe kofia anapolala, isije ikamfunika uso au kumzidishia joto.