Mkimbiaji na Joho Lake

Juma hili twataka kunena juu ya jambo ambalo huenda wengine watalicheka, yaani kukimbia wakati wa baridi. Hatusemi baridi yetu ya Julai huku Limuru na Kinangop, ambayo kwa ajili yake twavaa makoti mawili na kulalamika tangu chai ya asubuhi. Twasema baridi ya nchi za kaskazini, walikokwenda watoto wetu wengi kusoma na kufanya kazi. Kama hakuna mtoto wa nyumba yako huko, basi yuko wa jirani.

Binti mmoja wa kanisa letu yuko Minnesota, huko Marekani, akisomea uuguzi na kuwatunza wazee zamu za usiku. Baba yake alifariki kwa ugonjwa wa presha, na yeye mwenyewe alipopimwa aliambiwa kwamba yake imeanza kupanda. Daktari akamshauri afanye mazoezi. Akaanza kukimbia mwezi wa Mei, nusu saa, mara nne kwa juma. Kufikia Septemba presha ilikuwa imeshuka, naye akatuandikia kwa furaha nyingi. Novemba akaacha. Desemba akaandika tena: "Baba, hamu yote imeniisha. Naitega saa iniamshe, inalia, naizima. Na kusema kweli hata kuomba nimeacha vivyo hivyo. Sijui kama ni uvivu au ni shetani."

Jibu letu la kwanza lilikuwa baya. Tuliliandika tukiwa tumeketi kando ya jiko la makaa. Tukamwambia ajikaze, aombe zaidi, asimpe Ibilisi nafasi. Hakujibu. Juma la kwanza likapita, la pili, la tatu. Mama yake ndiye aliyetusimamisha mlangoni baada ya ibada akauliza, "Mchungaji, mlimwandikia nini mtoto wangu?" Tuliona haya sana. Ndipo tulipoanza kujifunza habari yenyewe, kama ilivyotupasa kufanya kabla ya kushika kalamu.

Na tuanze na giza, maana hilo ndilo sisi watu wa ikweta hatulijui. Kwetu jua huchomoza na kutua karibu saa zile zile mwaka mzima. Kule Minneapolis, mwishoni mwa Desemba, huchomoza yapata saa 2 asubuhi kasoro dakika 10, na ikifika saa 11 kasoro robo jioni limekwisha kutua. Mtu afanyaye kazi usiku na kulala mchana aweza kumaliza juma zima asilione. Nao mwili wa mwanadamu huzipanga saa zake za kulala na kuamka kwa mwanga uingiao machoni, hasa ule wa asubuhi. Mwanga ukikosekana, usingizi huvurugika na moyo huwa mzito. Kwa watu wengine uzito huu ni ugonjwa kamili, unaorudi kila mwaka majira yale yale. Daktari Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani waliueleza mwaka 1984, na hutibiwa kwa taa zenye mwanga mkali, kwa dawa, na kwa mazungumzo na mtaalamu. Basi mzazi, mtoto akikuambia kwamba hana nguvu za kuamka, usiharakishe kumwita mvivu.

Tena kwa sisi watu weusi liko jambo la ziada. Ngozi hutengeneza vitamini D kwa nguvu ya jua, na ngozi nyeusi huhitaji jua jingi zaidi kuliko nyeupe. Katika nchi za kaskazini ya mbali jua la miezi ya baridi ni dhaifu mno kwa kazi hiyo, hata likiwaka. Upungufu huo wadhoofisha mifupa na misuli. Dawa yake ni rahisi, lakini hapana budi mtu apimwe damu kwanza.

Halafu yako mambo ya baridi yenyewe. Usiku wa Januari huko si ajabu kipimo kushuka hata nyuzi 20 chini ya sifuri. Mwili ukiona hivyo huipunguza damu ya mikono, miguu na ngozi, upate kulinda moyo na viungo vya ndani. Misuli hukaza, na hewa kavu ya baridi huwasha koo na kifua. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya kujaribu. Upepo ukiwa mkali sana, ngozi iliyo wazi yaweza kuganda kwa nusu saa au chini yake. Siku kama hiyo wakimbiaji wa huko wenyewe hubaki ndani, wakapanda na kushuka ngazi za jengo. Hakuna ushujaa katika kupoteza masikio.

Lakini siku zilizo nyingi mtu aweza kutoka akiwa amevaa ipasavyo. Nguo iliyo karibu na ngozi isiwe ya pamba, kwa kuwa pamba hushika jasho, na jasho likipoa huwa kama maji ya barafu mgongoni. Nyuzi za kisasa au sufu nyembamba hufaa, kisha nguo ya pili ya joto, kisha ya tatu ya kuzuia upepo. Kofia na glavu zisisahauliwe. Mtu aanze safari akiukabili upepo, ili wakati wa kurudi, akiwa na jasho, upepo uwe mgongoni. Juu ya barafu hatua ziwe fupi.

Haya yote twaweza kuyaandika kwa urahisi. Swali la binti yetu, hata hivyo, lilikuwa juu ya hamu. Aipate wapi?

Wengi wetu hudhani ya kwamba hamu hutangulia na miguu hufuata. Wakati wa jua mambo huwa hivyo kweli, ndiyo maana twadanganyika. Wakati wa baridi utaratibu hugeuka. Mtu hutoka bila hamu hata kidogo, na dakika kumi za kwanza ni mbaya. Kisha misuli hupata joto, pumzi hutulia, na hamu, ikipenda, humkuta njiani. Anayeingoja kitandani huingoja mpaka Aprili.

Tazameni vijana wa Iten, mji ulio karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hukusanyika njia panda alfajiri, kwenye saa 12, katika ubaridi unaouma vidole. Hakuna anayemwuliza mwenzake kama leo ana hamu. Wenzake wapo, naye huondoka nao. Siku ambayo mmoja amechoka, huchukuliwa na mwendo wa kundi, na kesho yake yeye humchukua mwingine. Binti yetu alikuwa akikimbia peke yake.

Hata theluji yenyewe Wakenya wameikimbilia. Mwaka 1978 Henry Rono, kijana wa Nandi, alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, mjini Pullman, ambako theluji huanguka kila mwaka. Tarehe 8 Aprili alivunja rekodi ya dunia ya mita 5,000. Mwezi wa Mei akavunja ile ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Juni akavunja ya mita 10,000 na ya mita 3,000. Rekodi nne kwa siku 81! Ukiiangalia ile tarehe ya kwanza utaona kwamba baridi ilikuwa imekwisha juzi tu. Miguu iliyoshangiliwa Aprili ilikuwa imefanya kazi Januari, wakati hapakuwa na wa kupiga makofi. Miaka iliyofuata pombe ilimshika, naye hakuificha habari hiyo, bali aliisimulia katika kitabu cha maisha yake. Lakini akiwa mtu mzima alirudi kukimbia tena, na kuwafundisha vijana huko New Mexico. Alifariki Nairobi mwezi wa Februari 2024. Twamtaja kwa heshima. Mtu aweza kuishinda theluji kisha akaangushwa na jambo jingine, na baada ya miaka mingi akafunga viatu tena.

Mtume Paulo aliwajua wakimbiaji. Alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita (Matendo 18:11), na karibu na mji ule michezo ya Isthmia ilifanyika kila mwaka wa pili. Katika 1 Wakorintho 9 anamtaja mwanamichezo anayejinyima mengi kwa ajili ya taji la majani yanyaukayo. Kujinyima huko kulikuwa na kipimo. Pausania, Mgiriki aliyeizunguka nchi hiyo karne ya 2, ameandika kwamba washindani wa Olympia waliapa ya kuwa wamefanya mazoezi kwa miezi kumi mfululizo. Michezo ya Olympia ilikuwa wakati wa joto. Hesabu miezi kumi nyuma, utaikuta baridi yote ya Ugiriki imo ndani yake.

Sasa fungueni 2 Timotheo 4. Katika mstari wa 7 mzee Paulo, mfungwa, asema kwamba mbio zake amezimaliza. Sisi wachungaji tumeuhubiri mstari huo makaburini mara zisizohesabika. Mistari michache mbele, katika ule wa 13, anaomba aletewe joho lake alilomwachia Karpo kule Troa, pamoja na vitabu vyake. Na katika ule wa 21 amsihi Timotheo afanye haraka, afike kabla majira ya baridi hayajaingia. Huo wa joho hatukuwahi kuuhubiri hata mara moja. Tuliuona kuwa habari ya mizigo.

Kumbe mkimbiaji yule yule, katika sura ile ile, alikuwa akisikia baridi na upweke. Dema amekwisha kumwacha, na Luka peke yake ndiye aliyebaki. Naye hakuona haya kuomba vazi, na kuomba mtu. Binti yetu naye alituomba joho, nasi tukampelekea mahubiri.

Tulimwandikia upya, tukiomba radhi kwanza. Tukamsihi amwone daktari juu ya damu yake na juu ya huzuni yake pia. Tukamwambia ile nusu saa aiweke kando mpaka majira ya jua. Atoke dakika kumi tu, adhuhuri za siku asizo na zamu, penye mwanga. Na dakika kumi zikiisha naye bado aona vibaya, arudi nyumbani bila kujilaumu. Nguo na viatu aviweke tayari kando ya kitanda kabla ya kulala. Tena amtafute mwenzake. Mhubiri, katika sura ya 4, alikwisha kuona kwamba mtu aliye peke yake hapati joto.

Na kwa habari ya kuomba, tulimwambia asitafute maneno. Afungue Kitabu cha Sala, asome sala moja ya jioni, basi. Wako wanaotusema sisi Waanglikana kwamba twaomba kwa kusoma. Ni kweli, na siku nyingine twasoma bila moto wowote moyoni. Lakini sala zile ni kama lile kundi la Iten. Wengine wanakwenda, nawe waondoka nao.

Alijibu baada ya siku mbili. Vitamini D ilikutwa chini sana, akapewa vidonge, na pia mtu wa kuzungumza naye kila juma. Mwenzake wa kukimbia ni mama mmoja wa Liberia wanayefanya kazi pamoja. Hukutana kituo cha basi Jumanne na Jumamosi. Siku nyingine, asema, hamu humjia kwenye mtaa wa pili, na siku nyingine haji nayo mpaka mlangoni. Mama yake amemfumia kofia na glavu za sufu, na akina mama wa kanisa wakaongeza skafu ambayo hakuna aliyeiomba. Msafiri alivichukua mwezi wa Januari. Kofia ni kubwa, yamfunika hata macho, kwa hiyo huikunja mara mbili.

Na tuombe. Ee Bwana, usiku huu uwakumbuke watoto wetu walio kwenye zamu katika nchi za baridi. Uwape mtu wa kutembea naye, na utuonyeshe sisi tulio nyumbani la kuwapelekea. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.