Wapinzani Uwanjani, Washirika Njiani

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Usemi huu wa wazee wetu ulizaliwa baharini, lakini mimi nauona ukitimia katika barabara kuu ya kwenda bara, nyuma ya lori linalokokota trela yenye magari matatu ya mashindano.

Huenda msomaji akauliza: gari la mbio, mbona lisiendeshwe tu mpaka uwanjani? Gari la otokrosi halina nambari ya usajili, na mara nyingi halina taa wala vioo. Askari wa trafiki hatalipitisha Mazeras. Na hata hilo la rali lenye ruhusa ya barabara, likivunjika mashindanoni litarudi nyumbani na nani? Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 hivi. Naivasha, yaliko makao ya Safari Rally tangu irejee katika mashindano ya dunia mwaka wa 2021, ni kilomita 90 zaidi. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 1,100. Kijana wa Pwani anayekodi lori peke yake humaliza njiani pesa ambazo zingemnunulia tairi.

Ndiyo sababu sisi watatu, mmoja wa Mji wa Kale, mmoja wa Likoni na mimi, tulichanga tukanunua trela moja. Uwanjani kila mmoja wetu anataka kumshinda mwenziwe. Njiani tunakula sinia moja.

Ushirika huu haukuanza kwetu. Kule Uskoti, katika mji wa Edinburgh, timu ya Ecurie Ecosse ilianza miaka ya 1950 kwa madereva waliokuja na magari yao wenyewe, yakatengenezwa katika gereji moja. Timu hiyo ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka wa 1956 na tena 1957. Baadaye ikaundiwa lori la Commer la kubeba magari matatu, lenye nafasi ya ufundi ndani yake. Lori hilo liliuzwa mnadani mwaka wa 2013 kwa zaidi ya pauni milioni 1.7, bei ambayo magari mengi ya mbio hayajaiona!

Sasa tuingie katika shida zenyewe. Ya kwanza ni kupakia. Baharia anajua kwamba shehena ikikaa vibaya, chombo hakitii usukani. Trela nayo ni hivyo hivyo. Uzito ukizidi nyuma ya ekseli, trela hutikisa mkia, na dereva akikaza mwendo inaweza kulipindua lori. Inatakiwa kiasi cha asilimia 10 hadi 15 ya uzito ulalie mbele, penye kiungo. Kila gari hufungwa mikanda minne, na baada ya kilomita chache tunasimama kuikaza upya, maana springi hutulia mwendo ukianza.

Lakini kuna jambo ambalo halimo katika vitabu vya ufundi. Gari linaloingia mwanzo ndilo linalotoka mwisho. Mwenye gari hilo huchelewa kufika mazoezini, na wenziwe wamekwisha ijua njia. Hapa ndipo nyoyo huanza kuchafuka. Sisi tuliamua kwamba mizani ndiyo itakayopanga, wala si umri wala si fedha. Na atakayeshuka mwisho, wote wawili humsaidia kuandaa gari lake kabla ya kugusa yao.

Shida ya pili ni amri. Dini imetufunza kuwa watu watatu wakisafiri wamteue mmoja wao awe amiri. Amiri wetu ndiye anayesema tusimame wapi, tulale saa ngapi, na kama breki zimepata moto tungoje kiasi gani. Akisema, hakuna wa kumbishia mpaka turudi Mombasa. Hapo ndipo hesabu na lawama huruhusiwa.

Ya tatu, na ndiyo kubwa, ni pesa. Katika mashindano ya bara mwaka wa 2019, gari la mwenzetu mmoja lilivunjika diferensha katika mzunguko wa kwanza. Wakati wa kurudi akakataa kulipa thuluthi yake ya dizeli. Hoja yake ilikuwa kwamba hakushindana. Mwingine akamjibu kwa ukali kuwa trela hubeba magari, haibebi ushindi. Toka Mtito Andei mpaka Voi hakuna aliyesema na mwenziwe.

Voi amiri akasimamisha lori. Tukasali Adhuhuri na Alasiri kwa jamaa, kasri kama wasafiri. Kisha akatoa karatasi yetu ya makubaliano akaisoma taratibu: anayelipa hulipia nafasi, wala halipii mashindano. Mwenzetu akaiona sahihi yake mwenyewe chini. Akalipa. Na mashindano yaliyofuata alikwenda na diferensha yangu ya akiba, akanipita kwa sekunde mbili.

Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Msahafu, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Wengi wetu tunaisoma, lakini tukifika kwa rafiki tunaona haya kutoa kalamu. Hiyo si haya, ni kuuandaa ugomvi. Urafiki mwingi wa mitaani kwetu umekufa kwa pesa kidogo ambazo hazikuandikwa.

Basi vijana mnaofikiri kununua trela kwa ushirika, kabla ya kutafuta vyuma, kaeni barazani na mashahidi wawili. Andikeni nani atalipa tairi ikipasuka, trela italala kwa nani, kama yaweza kukodishwa, na anayejitoa atarudishiwa nini. Mkishindwa kupatana juu ya karatasi, hamtapatana usiku wa manane kando ya barabara, trela imekatika ekseli na fisi wa Tsavo wanalia.