Kigugumizi chenye kufichwa

Waseminari, mapadri na wakatekista, tunataka kueleza taabu moja yenye kusemwa kidogo sana, sababu wenye kuwa nayo wanaificha. Ni kigugumizi. Sisi wenye kuandika haya tunacho tangu utoto, na jirani wengi huku Kavumu hawajapata kukisikia.

Kigugumizi ni nini? Mutu anajua vizuri neno analotaka kusema, lakini kinywa kinakwama: sauti inarudiwa, inavutwa, ao haitoki kabisa. Hakitokani na ujinga wala na ulozi. Wanganga wanaeleza kwamba kinatokana na namna ubongo unavyoongoza kusema, na mara nyingi kinapita katika jamaa. Kati ya watoto 100, karibu 5 wanashikwa nacho wakati fulani, na wengi wanapona. Kati ya watu wazima 100 anabaki karibu 1, na wanaume ni wengi kupita wanawake.

Lakini kuna mwenye kukificha. Anaona neno gumu mbele yake kama vile muvuvi wa Ziwa Kivu anavyoona jiwe majini, na anageuza mutumbwi. Badala ya «Petro» anasema «yule mukubwa wa mitume». Neno la Kiswahili likikataa, anakimbilia Kimashi ao Kifaransa. Watu wanasifu usemi wake. Lakini jioni amechoka, sababu muchana kutwa amelinda kinywa chake. Darasani anajua jibu, naye anasema «sijui».

Tena kuna maneno yasiyobadilishwa. La kwanza ni jina lake mwenyewe. Barabarani askari anapouliza «Jina lako nani?», kukwama kidogo kunafanana na uwongo. Kwa mupadri kuna mengine: maneno ya Ubatizo, ya maondoleo, ya mageuzo ya mukate na divai. Hapo hakuna njia ya kupita pembeni. Ndiyo sababu museminari anaweza kukosa usingizi miaka mingi, akifikiri kwamba hakuitwa kweli.

Tukumbuke Musa. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 4, anamwambia Mungu kwamba ulimi wake ni muzito. Mungu hakumuondolea uzito ule. Alimupa Haruni ndugu yake, akamutuma. Tukumbuke tena Notker, mumonaki wa St. Gallen katika Uswisi, aliyekufa mwaka 912. Aliitwa Balbulus, maana yake mwenye kigugumizi, naye alitunga nyimbo za Misa. Kanisa linamuhesabu kati ya wenye heri. Na kweli, karibu wote wenye kigugumizi wanaimba bila kukwama, na wakisali pamoja na wengine kwa sauti moja, maneno yanatoka.

Basi, kukipokea ni nini? Si kuacha juhudi. Ni kuacha kukimbia. Kwanza, tumwambie mutu mumoja: mulezi wa kiroho ao rafiki. Pili, tuseme neno lile lile tulilotaka, hata likikwama. Tatu, tuwaambie waamini kabla ya mahubiri: «Nina kigugumizi, nikisimama, muningojee.» Woga wa kukwama unaongeza kukwama, woga ukipungua, mara nyingi ulimi nao unalegea, ijapokuwa kigugumizi hakiondoki chote. Penye munganga wa usemi, tumuendee bila haya.

Nanyi walimu na wakatekista, musimalizie mutoto neno lake, musimwambie «sema mbio», wala musiwaache wenzake wamucheke. Mumutazame kwa upole, mungojee mpaka amalize. Mutoto mwenye kunyamaza katika katekisimu pengine anajua jibu lote; mumuache ajibu kwanza pamoja na mwenzake.

Mungu anayetuita anajua ulimi aliotupa. Tumutumikie kwa ulimi huo huo.