Maneno ya Biashara Yaingiapo Katika Usemi wa Kila Siku

Kiswahili kilikua katika bandari, na bandari ni mahali pa kununua na kuuza. Kwa hiyo si ajabu maneno ya wafanya biashara kupanda kutoka pwani hadi bara pamoja na mizigo yao. Lakini yako maneno yaingiayo kuwa jina la kitu tu, na yako yaingiayo na kukalia mahali pa neno jingine. Mambo haya mawili si sawa, nasi tufundishao watu yatupasa kuyapambanua.

Tutazame kwanza namna ile ya kwanza. Katika karne ya 19 merikebu za Marekani, nyingi zikitoka Salem katika Massachusetts, zilileta Unguja nguo za pamba. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mapatano ya biashara na serikali ya Marekani, na biashara hiyo ikastawi. Watu waliiita nguo kwa jina la nchi ilikotoka, yaani merikani, na jina likaenea kwa nguo yo yote ya namna ile. Vivyo hivyo leo twamsikia mama akiomba Omo dukani, akapewa sabuni ya unga ya kiwanda kingine, akaenda zake ameridhika. Jina limepanuka, wala hakuna aliyepotea kwa sababu yake.

Namna ya pili ni ngumu zaidi, na mfano wake twaupata Kenya. Mwaka 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha huko huduma ya M-Pesa, ambayo kwayo watu hupelekeana fedha kwa simu. Mwaka 2019 ikaongezwa huduma nyingine iitwayo Fuliza. Mtu akitaka kulipa, na fedha yake haitoshi, hujaziwa upungufu ule. Kisha fedha itakapoingia katika hesabu yake, deni hukatwa kwanza. Mkopo huo una ada, na deni likikawia ada huzidi.

Fuliza ni neno letu la asili. Maana yake ni kuendelea na jambo bila kupumzika: mtu hufuliza mwendo, na mvua huweza kunyesha siku tatu mfulizo. Wala halina habari ya fedha ndani yake. Walakini leo kijana wa Nairobi asemapo, “Nimefuliza mia tano,” hakuna asiyemwelewa: amekopa shilingi mia tano. Neno lililokuwa la wote limechukuliwa sokoni, likavikwa maana moja, kisha likarudishwa kwa watu.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Waliolichagua neno hili hawakwenda kuazima kwa wageni, na huenda vijana wengi wasingalilijua kabisa kama si biashara hii. Lugha iliyo hai haifungiwi mlango. Lakini tuulize: neno hili limekalia mahali pa neno gani? Limekalia mahali pa kukopa. Na neno kukopa lina uzito ambao wazee waliutia kwa makusudi. Walisema, “Kukopa harusi, kulipa matanga.” Tena walisema, “Dawa ya deni ni kulipa.” Asemaye “nimekopa” amekwisha kusikia nyuma yake sauti ya “nadaiwa.” Asemaye “nimefuliza” hasikii sauti hiyo, asikia mwendo tu, kama msafiri ambaye hakuzuiwa njiani. Mfanya biashara hakusema uongo. Ametaja safari, akanyamaza juu ya nauli.

Hata hivyo maana ya kale haikufa, bali imerudi kwa mlango wa nyuma. Mwenye kukopa hivi mara kwa mara huona kwamba kila fedha iingiayo hulipa deni la jana, naye hukopa tena kwa ajili ya leo. Deni lake limekuwa la mfulizo. Hapo neno limesema kweli kuliko walivyokusudia walioliuza.

Basi mwalimu afanye nini? Kukataza hakufai, kwa maana watoto watalisema neno hilo njiani hata kama hawalisemi darasani. Kudhihaki hakufai pia. Njia iliyo njema ni kuyaweka maneno mawili pamoja. Mwanafunzi asemapo, “Baba amefuliza,” aambiwe ataje jambo lile lile kwa maneno ya nyumbani: amekopa kiasi gani, anadaiwa na nani, atalipa lini, na kwa ziada gani. Kisha aulizwe maana ya kufuliza mwendo. Kwa zoezi moja amejifunza lugha na hesabu, na amejifunza pia kuangalia kilichomo ndani ya neno kabla ya kulipokea.

Nguo huchunguzwa sokoni kwa kushikwa na kunyoshwa mbele ya mwanga. Neno litokalo sokoni lastahili kuchunguzwa vivyo hivyo.